Risasi Ikikosa, Itasimama Wapi?

Mkulima mwenzangu, mtu akija ofisini kwetu kuzungumza habari za bunduki ya kulinda nyumba, aghalabu huuliza swali moja tu: "Ipi ina nguvu?" Ameibiwa mbuzi, au maembe yake yamechumwa usiku wiki moja kabla ya mnunuzi kufika, naye ataka chombo chenye nguvu. Simlaumu. Lakini swali hilo limetangulia mahali pa jingine. Ikiwa una watoto, na nyumba zako zimekaribiana kama zilivyo nyingi hapa Tawa, la kuuliza kwanza ni hili: risasi ikimkosa mwizi, au ikimpita mwilini, itasimama wapi?

Mkulima mmoja wa mteremko wa chini alikuwa akitengeneza karatasi za kuomba cheti cha bunduki. Nilimwomba ruhusa nikatembea naye nyumbani kwake, nimechukua uzi wa katani tu. Nilimwambia asimame mahali ambapo angesimama usiku akisikia mlango unavunjwa. Tukaufunga uzi kwa kimo cha kifua chake, nami nikauvuta moja kwa moja kupita mlangoni. Uzi ulivuka ua, ukakata pembe ya jiko la mabati, ukagusa ukuta wa nyumba ya mama yake, hatua 22 kutoka mlango wake. Tukaingia ndani kutazama. Upande wa pili wa ukuta ule, kwa kimo kile kile, ndipo mama huyo anapolaza kichwa.

Yule bwana alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniomba tuujaribu uzi kwenye dirisha la nyuma. Huko uliishia kwenye ukingo wa tuta la fanya juu, udongo mtupu, wala hapana njia ya watu. Mstari wa kwanza haufai kwa bunduki yoyote. Wa pili wafaa.

Tuzitazame kuta, maana hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Bati la geji 30 mbele ya risasi ni kama karatasi. Ukuta wa fito na udongo huzuia upepo, na huzuia mshale. Wazee wetu walijua kwamba mshale uliokosa hubaki umechomeka ukutani au ardhini, na hatari inayosalia ni ile sumu ya msunguti iliyopakwa nchani, ambayo hushika moyo. Risasi haina desturi ya kubaki hivyo. Ya bunduki ya kuwindia hupita ukuta wa fito ikatoka upande wa pili ingali na nguvu ya kuua. Tofali la kuchoma ni bora zaidi, lakini nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa kushikanisha matofali na udongo badala ya saruji, na kiungo cha udongo ni dhaifu. Tena risasi kubwa yaweza kulipasua tofali lenyewe. Mlango wa mbao, gunia la mahindi, tangi la plastiki, hivi vyote visihesabiwe kuwa ngao. Kinachosimamisha risasi kwa hakika ni udongo mnene, na kwa bahati njema sisi watu wa vilima vya Mbooni tumechimba matuta ya kutosha. Jihadhari na jiwe, kwa kuwa risasi ikigonga jiwe huruka upande usioutazamia.

Sasa bunduki zenyewe. Ile ndogo iitwayo pointi ishirini na mbili watu huiona kama mchezo wa kutishia ndege. Pakiti nyingi za risasi zake huandikwa onyo la hatari kwa umbali wa zaidi ya maili moja. Bunduki kubwa za kuwindia, na zile za zamani za pointi tatu sifuri tatu ambazo baba zetu walizijua katika jeshi la K.A.R., hupeleka risasi karibu maili mbili. Simama sokoni Tawa uhesabu ni miji mingapi na shule ngapi zilizo ndani ya maili mbili. Bunduki ya namna hiyo haina kazi uani penye watu.

Bunduki ya marisau, yaani ile ambayo wengine huiita shotigani, ni habari nyingine, ila nayo yategemea umeweka nini ndani. Risasi moja ya namba 12 yenye marisau makubwa hubeba punje 8 au 9 hivi, kila punje ikiwa na upana wa milimita 8 na kidogo. Kila moja ni risasi kamili, na zile zinazomkosa mtu huendelea na safari. Iko pia ile yenye kipande kimoja kizito, ambayo yafaa kwa mnyama mkubwa wala haifai nyumbani hata kidogo. Marisau madogo ya ndege hutawanyika, na kwa kuwa kila punje ni nyepesi, hupoteza mwendo upesi. Likifika ukuta wa jirani hatua 40 mbali, halina nguvu ya risasi ya kuwindia. Usikosee lakini kwa kudhani ni dogo kwa kila hali. Katika hatua tatu au nne marisau hayajatawanyika, hutembea pamoja kama kitu kimoja, hutoboa bati na huua.

Kwa bastola, ziko risasi zilizofunikwa shaba yote na ziko zenye tundu nchani. Ile iliyofunikwa hupita mwilini kwa urahisi ikatokea upande wa pili. Yenye tundu hufunguka inapoingia mwilini, basi huishiwa nguvu mapema. Lakini ikikosa mtu na kugonga ukuta, tundu laweza kujaa udongo au mbao, risasi isifunguke, nayo ikapita kama ile nyingine.

Msomaji ataniuliza kwa nini basi tusichukue risasi iliyo dhaifu kuliko zote. Marekani waliliona jambo hili kwa uchungu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, askari wawili wa upelelezi wa FBI waliuawa katika mapambano na majambazi wawili. Jambazi mmoja alikuwa amekwisha kupigwa risasi iliyopita mkononi ikaingia kifuani, lakini ilisimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo kwamba risasi iingie katika jeli ya majaribio inchi 12 kwa uchache na isizidi 18. Fikiri maana yake. Risasi inayoweza kwenda inchi 12 katika jeli ya namna hiyo haitashindwa na bati la jiko. Kwa hiyo hapana risasi iwezayo kumzuia mtu mbaya na papo hapo kumhurumia mtoto aliye nyuma ya bati. Kuchagua risasi hupunguza hatari kidogo. Kuchagua mstari, yaani wapi utasimama na wapi watalala watu wako, hupunguza sana.

Kwa maoni yangu, mwenye cheti ambaye mji wake umebanana, bunduki ya marisau madogo ndiyo isiyo na madhara mengi kwa walio nyuma ya kuta. Hata hivyo apange kwanza chumba kimoja ambako jamaa wote watakusanyika nyuma yake usiku wa mashaka, na yeye akae humo akiutazama mlango. Asitoke kuzunguka uani gizani. Mtu anayemwona kwenye pembe ya zizi huenda ni kijana wake anayerudi.

Sheria nayo uijue. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hapana ruhusa ya kuwa na bunduki wala risasi bila cheti, na gobore lililofuliwa na fundi wa kijijini limo katika katazo hilo. Mwisho wa mwaka 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye bunduki za cheti wakaguliwe upya. Kwa habari ya kujilinda, kifungu cha 17 cha Sheria ya Makosa ya Jinai huruhusu nguvu kwa kiasi cha haja. Mwizi anayekimbia na mbuzi wako amekupa mgongo, na kumpiga risasi hapo ni vigumu kukuita kujilinda. Wala usimpige nyani au tembo kwa sababu ya shamba, pasha habari Shirika la Wanyamapori. Na risasi iliyofika kwa jirani wewe ndiwe utakayeulizwa.

Bunduki ifungiwe kabatini, na risasi zifungiwe mahali pengine, ufunguo usining'inie msumarini. Watoto wanaijua misumari yote ya nyumba.

Sikuambii haya ili ukanunue. Wengi wetu hatutapata cheti na hatukihitaji. Komeo zuri la ndani, taa ya jua uani, mbwa, filimbi inayojulikana na majirani wa Nyumba Kumi, na simu ya kupiga 999 au 112, hivi havipiti ukuta wa mtu.

Yule mkulima hakuyaacha maombi yake. Lakini mwezi ule ule alikihamisha kitanda cha mama yake hadi ukuta wa pili, akang'oa mlango wa mbao uliooza na kuweka wa chuma, akachukua mbwa wawili kwa shemeji yake. Uzi ninao bado. Una urefu wa futi 120. Atakaye kuuazima aje ofisini asubuhi, ila aurudishe bila mafundo.