Kengele za Urakami

Leo twendeni pamoja hadi Nagasaki, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Japani, tulikoshinda siku moja tu. Tuliondoka Fukuoka asubuhi kwa treni, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefika. Mgeni anayetazamia kuona magofu hayaoni. Huona meli bandarini, nyumba zilizopanda vilima mpaka juu, na tramu zimejaa watoto wa shule. Nasi tulipanda tramu hadi bonde la Urakami.

Juu ya bonde hilo, tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lililipuka hewani, yapata mita 500 kutoka ardhini. Ndege iliyolibeba ilikuwa imeukusudia mji mwingine, Kokura, ila mawingu na moshi viliuficha. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa: wengine kwa moto, wengine polepole, kwa miali iliyoharibu damu yao.

Urakami palikuwa nyumbani kwa Wakristo. Dini ilipopigwa marufuku mwaka 1614, wazee wao waliificha zaidi ya miaka 250, bila padre, wazazi wakiwafundisha watoto kwa siri. Waliamriwa kukanyaga sanamu takatifu mbele ya wakubwa. Hata baada ya kugunduliwa, zaidi ya 3,000 walihamishwa kwa nguvu. Waliporudi mwaka 1873, walikuja kununua kiwanja kile kile walipokanyagishwa sanamu, wakajenga hapo kanisa kuu lao la Kikatoliki. Minara yake ilikamilika mwaka 1925. Miaka ishirini tu! Bomu lilipolipuka watu walikuwa ndani wakiungama, na hakuna aliyetoka hai. Kati ya waumini 12,000 hivi, karibu 8,500 walikufa.

Mwaka 1958 magofu yalibomolewa, na mwaka uliofuata kanisa jipya likasimama. Wengi walikuwa wameomba yaachwe yawe ushahidi, kama Hiroshima walivyoliacha jengo lao lenye kuba. Waumini nao hawakutaka kukihama kiwanja walichokilipia kwa mateso. Sisi wenyewe tulibishana pale ngazini. Mmoja wetu alisema kidonda kikifunikwa mapema watu husahau. Mwingine akamjibu kwamba ni rahisi kwa mgeni kudai magofu, kwa kuwa si yeye atakayesali mvuani. Wengi wetu tulimwunga mkono huyu wa pili.

Lakini si kila kitu kilichoondolewa. Mnara mmoja uliporomoka hadi kwenye kijito chini ya kilima, na kipande chake kikubwa kingali kimelala pale, kizito, kimeota nyasi. Tulimkumbuka Tomaso: mwili ule uliofufuka ulikuwa na makovu bado, naye alionyeshwa.

Kengele moja ilipatikana nzima katika kifusi. Waliosalia waliitundika, wakaipiga mkesha wa Krismasi wa 1945, wakati wengi wao hawakuwa na paa. Ya pili ilikuwa imevunjika, na mnara wake ukakaa bila kengele miaka mingi. Kisha Wakatoliki wa Marekani, nchi iliyoangusha bomu, wakachanga fedha za kengele mpya, na tarehe 9 Agosti 2025, saa tano na dakika mbili, zote mbili zililia pamoja.