Mbu wa Gikomba wana adui, ila tumembomolea nyumba

Ukikaa Pumwani, unazijua saa za mbu. Jua likizama tu, kabla hujamaliza chai, wameshafika. Unawasha koili, unafunga dirisha, halafu unaanza kulalamikia joto. Na ukiuliza wametoka wapi, kila mtu anakuonyesha upande mmoja: mtoni.

Wengi wetu tunasema Mto Nairobi umekufa. Simama kwenye daraja lolote pale Gikomba, utazame yale maji meusi na plastiki zake, utakubali. Lakini mto haujafa. Una wakazi wake. Mbu aina ya Culex, yule anayekuimbia sikioni usiku, huzaana vizuri sana kwenye majitaka. Walioondoka ni wale waliokuwa wakimla akiwa bado kiluwiluwi.

Mmoja wao ni mbawakawa wa maji. Usimchanganye na mende wa jikoni. Huyu ni mdudu mgumu, laini juu, ana umbo la mbegu ya tikiti, na miguu yake ya nyuma ina vinyweleo anavyopigia maji kama makasia. Hana matamvua kama samaki. Akitaka kuzama, hupanda juu kwanza, hubeba hewa chini ya mabawa yake magumu, kisha huteremka nayo kama mpiga mbizi na tangi lake. Mtoto wake ndiye noma zaidi: ana taya zilizopinda kama mundu, na viluwiluwi vya mbu ni sehemu ya mlo wake.

Pengine unasema, mdudu tu, kwani iko nini? Basi sikiliza. Ulaya kuna mbawakawa wa maji mkubwa anayeitwa Dytiscus latissimus, mwenye urefu wa karibu sentimita 4. Ametoweka katika nchi kadhaa baada ya makao yake kukaushwa au kuchafuliwa. Tangu 1992, sheria ya Umoja wa Ulaya inamlinda yeye pamoja na maji anamoishi. Kwetu, wadudu wengi wa maji hawajawahi hata kukaguliwa kujua kama wako hatarini. Anaweza kutoweka mmoja leo na hakuna gazeti litakaloandika.

Na hapa palikuwa kwao. Jina la Nairobi limetoka kwa Wamaasai, likimaanisha maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, kambi ilisimamishwa kando ya kinamasi. Jiji likakua, kinamasi kikajazwa udongo na mitaro ikachimbwa. Pumwani ilipoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, maji yalikuwa tayari yameanza kusukumwa pembeni.

Lakini kipande kimoja muhimu bado kipo. Panda matatu hadi Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, ushuke utafute kinamasi cha Ondiri. Hiki ndicho chanzo cha Mto Nairobi. Mimea yake imesukana ikawa kama mkeka mkubwa unaoelea. Ukiukanyaga, ardhi inatikisika chini ya miguu. Ondiri imepata misukosuko: maji kuvutwa kwa ajili ya mashamba, mikaratusi kupandwa kando yake, taka kuteremka kutoka mjini. Wakazi wa hapo wamejipanga kukilinda, wakang'oa mikaratusi na kupanda mianzi na miti ya kienyeji.

Ondiri inakuhusu vipi wewe wa Majengo? Mbawakawa wa maji anajua kuruka. Usiku hutoka kwenye dimbwi moja kutafuta jingine, akiongozwa na mng'ao wa maji. Wakati mwingine hudanganyika, akatua juu ya gari linalong'aa akidhani ni bwawa. Ndiyo maana mto uliosafishwa unaweza kupata wakazi wapya bila mtu kuwabeba, mradi kuna mahali karibu walikosalia hai. Kinamasi kikienda, mbegu imeenda.

Sasa njoo kwenye jambo linaloamuliwa wakati huu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu wahame kutoka mita 30 za kingo za mito. Nyumba zikabomolewa, familia zikalala nje. Machi 2025 mpango wa kufufua Mto Nairobi ukazinduliwa, na vijana wengi wakapata kazi ya kuzoa taka. Taka kutoka ni hatua kubwa. Swali ni hili: ukingo utajengwa kwa nini?

Mtoto wa mbawakawa hawezi kuwa mkubwa ndani ya maji. Akikomaa, hutambaa hadi ukingoni, huchimba kishimo kwenye udongo wenye unyevu na kujigeuza humo. Ukuta wa saruji kuanzia mwanzo hadi mwisho unamfungia mlango. Mbu hahitaji udongo huo. Anatosheka na maji machafu yaliyotulia. Kwa hiyo tunaweza kupata mto unaopendeza kwenye picha, huku koili ikiendelea kuwaka kila jioni. Kama watu walihamishwa kwa jina la mto, basi angalau ukingo upewe mto: matete, nyasi, udongo, na maji yasiyo na kinyesi.

Unaweza kufanya nini? Kuna njia ya kupima mto kwa wadudu, miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini. Unahitaji wavu, sinia jeupe na macho. Kila kundi lina alama zake: funza wa nzi na mbu 2, mbawakawa na kunguni wa maji 5, na mdudu anayetaka maji safi kabisa 17. Unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya makundi uliyopata. Usiingie maji ya Gikomba. Anzeni vijito vya juu upande wa Kikuyu, mkiwa na gambuti na glavu.

Halafu mshike Katiba. Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kuidai bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia. Kikao cha maoni ya umma kuhusu mto kikiitishwa mtaani, nenda. Uliza hilo swali la ukingo, na usikae chini hadi ujibiwe.