Dakika za Ubao wa Mianzi

Moto una njia nyingi za kuingilia nyumba za Ngezi, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji wa Bunia, Ituri. Kuna jiko la makaa linaloingizwa ndani mvua inaponyesha, mshumaa uliosahauliwa mezani, waya wa umeme uliovutwa kutoka kwa jirani, na chupa za petroli za wale wauzaji wa barabarani wanaoitwa Kadhafi. Ukishaingia, moto haukosi chakula: miti ya mikaratusi iliyobeba mabati, mlango wa mbao ya libuyu, dari ya tripleksi, makochi yaliyojazwa sponji. Kwa hiyo kila kitu kipya cha kujengea au kutengenezea samani kinastahili kuulizwa habari za moto kabla ya kuulizwa bei.

Kitu kipya kinachozungumziwa sasa ni ubao wa mianzi: mwanzi uliochanwa, ukachemshwa, ukakaushwa na kugandishwa kwa gundi hadi ukawa paneli, nguzo au boriti. Sababu za kuutamani zinaeleweka Ituri. Kwa miaka mingi malori ya mbao kutoka misitu ya Mambasa yamepita Bunia na kuvuka mpaka wa Mahagi kwenda Uganda na Kenya, na mti mkubwa wa libuyu huchukua miongo mingi kukomaa. Mwanzi hukomaa kwa miaka 3 hadi 5, na shina likikatwa, mizizi huchipuza tena. Uganda imejiandikia mkakati wa taifa wa mianzi wa mwaka 2019 hadi 2029. Ethiopia, yenye mianzi mingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, tayari ina viwanda vinavyotengeneza sakafu na paneli.

Je, ubao huo ukikutana na moto? Wapo wanaosema mwanzi ni jamii ya nyasi, basi utawaka kama nyasi. Wapo wauzaji wanaosema umeshindiliwa mno hata haushiki moto. Kauli zote mbili zinapotosha, na upotoshaji wa namna hii unaweza kuua.

Mwanzi mtupu una sifa mbaya mbele ya moto, na sababu yake ni umbo. Shina lake ni bomba lenye ukuta mwembamba, mara nyingi sentimita 1 au pungufu. Joto hupenya ukuta huo upesi, hewa iliyofungwa kati ya vifundo hupanuka, na shina hupasuka kwa kishindo. Likishapasuka, moto hulishambulia kwa ndani na kwa nje pamoja. Silika iliyomo katika ganda lake, ambayo watu huipa sifa kubwa, ni kidogo mno kubadili matokeo.

Wembamba ndio adui mkuu wa kila kitu kinachotokana na mimea. Tarehe 16 Machi 2010, Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi mjini Kampala iliyojengwa mwaka 1882 kwa nguzo, matete na nyasi, iliteketea kwa usiku mmoja. Na tarehe 26 Novemba 2025, majengo 7 kati ya 8 ya makazi ya Wang Fuk Court huko Hong Kong yaliungua yakiwa yamezungushiwa majukwaa ya mianzi kwa ajili ya ukarabati. Watu zaidi ya 150 walikufa. Uchunguzi ulinyooshea kidole neti za plastiki zisizotimiza kanuni za moto pamoja na mabamba ya povu yaliyozibia madirisha. Mianzi nayo iliwaka na kuporomoka. Yote hayo ni vitu vyembamba, vyenye hewa pande zote, vilivyosimamishwa wima ili moto uvipande.

Ubao wa kiwandani hubadilisha umbo hilo. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya tabaka: vipande vya mwanzi hupigwa randa hadi viwe sawa, hupakwa gundi na kubanwa pamoja, na mistari yake huonekana wazi juu ya meza au sakafu. Ya pili ni ya kushindiliwa: nyuzi za mwanzi hupondwa, huloweshwa gundi na kukandamizwa kwa nguvu kubwa hadi mita moja ya ujazo ifikie kilo 1,000 mpaka 1,200. Ubao mzito wa namna hii huzama majini, ilhali libuyu huelea.

Uzito huo una maana kubwa kwa moto. Ili kitu kigumu kiwake, uso wake lazima upate joto la kutosha kutoa gesi zinazoweza kushika moto. Katika kitu kizito na kinene, sehemu ya joto linalopiga uso huvutwa ndani, hivyo uso huchelewa kufikia hatua hiyo. Katika kitu chepesi na chembamba, joto halina pa kwenda, nao uso huwaka mara moja. Mwanzi uleule ukiwa kijiti na ukiwa ubao wa sentimita 4 huishi nyakati mbili tofauti kabisa.

Baada ya kuwaka, kinachofuata kinafahamika kwa kila mchoma makaa wa Ituri, anayefunika magogo kwa udongo ili yasigeuke majivu. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyomo katika mwanzi huanza kutoka kwa mvuke. Kati ya nyuzi 200 na 300 sehemu dhaifu za nyuzinyuzi huvunjika na kutoa gesi. Kwenye nyuzi 300 hivi uso hugeuka mkaa. Mkaa huo hupitisha joto kidogo kuliko ubao wenyewe, nao hukaa kama blanketi kati ya ndimi za moto na kiini ambacho bado kizima. Moto huendelea kula, lakini kwa mwendo unaoweza kupimwa.

Wahandisi wa Ulaya wameuandika mwendo huo katika kanuni ya majengo ya mbao iitwayo Eurocode 5. Mbao laini zilizogandishwa kwa tabaka hugeuka mkaa kwa milimita 0.65 hadi 0.7 kila dakika, na mbao ngumu polepole kidogo kuliko hapo. Majaribio ya mianzi ya tabaka yameonyesha mwendo ulio karibu na huo. Moto unaotumika katika tanuri za kupimia nao hauna huruma: kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 834, joto hufika nyuzi 842 baada ya dakika 30, na nyuzi 945 baada ya saa moja.

Hesabu yake ni rahisi. Nguzo ya sentimita 10 kwa 10 ikizungukwa na moto huo kwa nusu saa, hupoteza milimita 21 kila upande. Kanuni huongeza milimita 7 kwa ajili ya sehemu iliyopata joto na kupoteza nguvu ingawa haijawa mkaa. Kinachobaki ni kiini cha sentimita 4.4, na mhandisi anaweza kukagua kama kiini hicho kinatosha kubeba paa. Tripleksi ya milimita 4 iliyopigiliwa darini, kwa kanuni hiyohiyo, ambayo huhesabu mwendo wa kasi zaidi kwa paneli nyembamba, hutobolewa kwa dakika 2 hivi.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi. Kuna maswali mawili kuhusu moto, na kila moja lina kipimo chake. La kwanza: uso wa ubao hushika moto upesi kiasi gani na kuusambaza kwa kasi gani? La pili: ubao huo utasimama dakika ngapi kabla moto haujapenya au mzigo haujaanguka? Ulaya hujibu la kwanza kwa herufi, kuanzia A1 kwa vitu visivyoungua, kama mawe, hadi F. Mbao zisizotiwa dawa kwa kawaida huangukia D. Swali la pili hujibiwa kwa dakika: 30, 60, 90. Paneli nyembamba iliyotiwa dawa inaweza kupata herufi B na bado ikatobolewa upesi. Boriti nene isiyo na dawa inaweza kuwa na herufi D na ikasimama saa nzima. Muuzaji anayetaja herufi peke yake amejibu nusu ya swali.

Mfano mkubwa wa swali la kwanza uko Hispania. Jengo la abiria namba 4 la uwanja wa ndege wa Madrid-Barajas, lililobuniwa na Richard Rogers pamoja na ofisi ya Estudio Lamela na kufunguliwa mwaka 2006, lina dari ya vipande vyembamba vya mianzi vinavyofunika zaidi ya mita za mraba 200,000. Vipande hivyo havibebi kitu chochote. Kazi ya dawa iliyotiwa ndani yake ni kuzuia miali isikimbie juu ya vichwa vya maelfu ya wasafiri.

Swali la pili linamtegemea mtu asiyeonekana: gundi. Ubao wa tabaka ni imara kadiri viungo vyake vilivyo imara. Gundi nyeupe ya useremala hulainika mapema joto linapopanda, na tabaka huachana kabla hata ya kuungua. Zikiachana, kila kipande hurudi kuwa kijiti chembamba, na mkaa uliokuwa ukilinda kiini huanguka. Gundi za fenoli, ambazo zikishakauka haziyeyuki tena, hushikilia hadi zigeuke mkaa pamoja na mwanzi. Mwanzi wenyewe nao una mpaka wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wameonyesha kwamba ukikaribia nyuzi 200, kabla ya kuwaka, huwa umeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake za kuhimili mgandamizo. Ndiyo maana nguzo ya mianzi haifai kukatwa nyembamba kwa ajili ya kubana matumizi.

Kwenye samani hesabu inabadilika kidogo. Meza nene ya mianzi ya kushindiliwa ni vigumu kuiwasha kwa kaa moja lililodondoka. Uso utaungua, kisha mara nyingi moto utafifia. Hatari ya sebule iko kwenye sponji. Povu lake la polyurethane huwaka kwa kasi, nao moshi wake hubeba kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, sumu zinazomlaza mtu kabla hajaona miali. Seremala anayetengeneza kochi la mianzi bora na kulifunika kwa sponji ya kawaida hajapunguza hatari kwa kiasi cha kujivunia. Kabati lililoegemezwa ukutani, lenye mgongo wa tripleksi, nalo huwapa miali njia ya kupanda darini.

Huko China, Profesa Yan Xiao wa Chuo Kikuu cha Hunan aliingia ndani zaidi katika suala hili. Mwaka 2007 timu yake ilijenga daraja la magari la mianzi ya tabaka huko Leiyang, lenye urefu wa mita 10. Baada ya tetemeko la Sichuan la mwaka 2008 walitengeneza nyumba za mianzi za kuunganishwa haraka kwa waathirika, na hapo swali la moto likawa la lazima. Walikiwasha moto chumba kizima, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Walichopima kilikuwa ukuta kamili, yaani fremu pamoja na vilivyoujaza na vilivyoufunika. Katika nyumba halisi, moto hukutana na ukuta uliokamilika.

Na hapa Ngezi ina utajiri wake. Nyumba za fito zilizokandikwa udongo ni ufundi wa kale wa Ituri, na udongo hauungui. Wakolombia wanao ufundi wa aina hiyo, mwanzi uliofunikwa kwa tope au saruji, na baada ya tetemeko la mwaka 1999 katika mji wao wa Armenia waliuingiza katika kanuni rasmi za ujenzi. Ukuta wa mianzi ya kiwandani uliopakwa udongo au lipu pande zote mbili hupata dakika ambazo mianzi peke yake haiwezi kununua. Sharti ni moja: pasiachwe uwazi nyuma ya paneli kuanzia sakafuni hadi paani, maana uwazi huo huwa bomba la moshi. Kila baada ya mita chache uzibwe kwa mbao nene, kwa udongo au kwa tofali.

Dawa husaidia, ila isichanganywe na dawa ya wadudu. Boraksi na asidi ya boriki hutumika sana kuukinga mwanzi na bungua, lakini kiasi kinachotosha kwa bungua ni kidogo kuliko kinachohitajika kuchelewesha miali. Chumvi hizo pia huoshwa na mvua, kwa hiyo zinafaa kwa vitu vya ndani. Na hata zikitiwa vya kutosha, hupunguza zaidi kusambaa kwa miali kuliko mwendo wa moto kula ubao. Unene unabaki kuwa kinga isiyooshwa na mvua.

Mtu wa Bunia atakayeletewa paneli za mianzi aombe karatasi zenye majibu manne: unene, uzito kwa mita ya ujazo, aina ya gundi, na vipimo vya moto, yaani herufi pamoja na dakika. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, inayokagua bidhaa mpakani, ingefanya vema kuyadai majibu hayo kabla paneli hazijafika dukani.

Kisha abaki na swali la nyumba yake. Kizigeu cha mianzi chenye unene wa milimita 18, kilichogandishwa kwa gundi ya fenoli, kinaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kupenywa na moto ulioanzia jikoni. Hizo ni dakika za kuwaamsha watoto na kutoka, ikiwa kuna pa kutokea. Madirisha mengi ya mjini yamefungwa antivol za chuma dhidi ya wezi, na nyumba nyingi zina mlango mmoja. Fundi anayeweka vizigeu vya mianzi aagizwe siku hiyohiyo kutia bawaba na komeo la ndani kwenye antivol ya dirisha moja la chumba cha kulala, nao wote wa nyumba hiyo wajifunze kulifungua gizani.