Mguu Usiouma Ndio wa Kuogopwa

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, mwamba wa Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, hubaki wazi na watu wa Utende, Juani na Jibondo hushuka kuchokoa pweza, wengine peku, wengine na raba zilizochakaa. Mwenye miguu mizima akikanyaga kombe lililovunjika huruka, akaosha, akafunga kitambaa. Mwenye neva zilizoharibika hana kinachomwambia aruke. Huendelea kutembea na jeraha hadi jioni, pengine wiki nzima, mpaka harufu impe habari ambayo ngozi ilishindwa kumpa. Ndiyo maana nashikilia kwamba nafuu ya ugonjwa huu wa neva tunaitafuta upande mmoja tu. Tunahangaika na mguu unaowaka moto usiku, na tunashukuru moto huo unapozimika wenyewe, ilhali huenda umezimika kwa kuwa neva imekufa.

Neva zinazofika vidoleni mwa miguu ni ndefu kuliko nyingine zote mwilini, kwa hiyo ndizo huumia kwanza. Ganzi huanzia ncha za vidole na kupanda taratibu kama soksi inavyovutwa. Sababu ni nyingi: pombe, ukoma, virusi vya Ukimwi, upungufu wa vitamini B12, hata isoniazidi ya kutibu kifua kikuu isipoambatana na vitamini B6. Lakini inayozidi kukua kwetu ni kisukari. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima wana ugonjwa huo. Ule wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban asilimia 9 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanyika kwa namna moja, na sitaki kuzilinganisha kana kwamba zilifanana, lakini tofauti ni kubwa mno kuitwa bahati mbaya ya vipimo.

Ushahidi wa kile ambacho ganzi inaweza kufanya uko hapahapa nchini. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake, waliotumia miaka mingi kutibu miguu ya wagonjwa wa kisukari Dar es Salaam, waliandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, bila kuamka. Fikiria maana yake: mtu anang'atwa, na usingizi wake haukatiki. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuchunguza nyayo kabla vidonda havijatokea.

Najua jibu la mgonjwa: mimi nataka kulala, habari za vidonda baadaye. Ni haki yake, na hakuna sababu ya kumwambia avumilie. Ila parasetamoli na diklofenaki, ambazo watu hukimbilia dukani, hazifui dafu mbele ya maumivu ya neva, na diklofenaki ya muda mrefu huumiza figo ambazo kisukari kimeshazitia mashakani. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikiandikwa na daktari kwa dozi ndogo ya usiku, huwasaidia wengi. Haifufui neva. Na kuloweka miguu katika maji ya moto yenye chumvi, tiba inayopendwa sana, ni hatari ya waziwazi kwa mtu asiyehisi joto. Ngozi hubabuka naye akidhani anastarehe.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: kijijini vifaa vya kupimia viko wapi, na nani atavaa viatu vya hospitali baharini? Kipimo kimoja kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, hakihitaji kifaa chochote. Mgonjwa hufumba macho. Mjukuu humgusa kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo inahitaji ulinzi. Kuhusu viatu, kandambili hazitoshi, kwani humchomoka mtu asijue, na katambuga zina misumari. Raba iliyofunika vidole, isiyobana, iliyokung'utwa mchanga kabla ya kuvaliwa, inafaa mwambani kuliko peku.

Tena watu wa Mafia si wageni wa elimu ya miguu. Ugawaji wa dawa wa mpango wa taifa wa kutokomeza matende ulianzia huko mwaka 2000, na mwenye matende hufundishwa na watoa huduma kuosha mguu kwa sabuni, kukausha katikati ya vidole na kutafuta nyufa. Watoa huduma hao hao wanaweza kumfundisha mwenye ganzi somo hilo hilo, pamoja na miguso sita na kutazama nyayo kila jioni akitoka pwani. Akiona jeraha, aende hospitali ya Kilindoni siku hiyohiyo, hata kama haliumi, na kutoka Utende barabara ya lami ipo.