Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mimi ni mtoto wa Iringa. Nikitaja kwetu hapa hosteli, swali la kwanza huwa bei ya gunia la mahindi, na la pili ni utani: ninyi njaa si mnaisikia redioni tu? Wengi wetu tunaamini hivyo, kwamba njaa ya watoto ni habari ya mikoa yenye ukame.

Haya, tuangalie namba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kuwa kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Iringa ni kama 57. Njombe na Rukwa ni kama 50. Yaani mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa udumavu.

Udumavu sio ufupi wa ukoo. Ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu amekosa lishe kwa muda mrefu, huku akiugua mara kwa mara. Urefu ni kile tunachokiona tu. Ndani, ubongo nao umekosa vya kujengea, na baadaye mwalimu anamwita mtoto huyo mzito wa kuelewa. Kipindi kinachoamua mengi ni siku 1,000 za mwanzo: 270 za mimba na 730 za miaka 2 ya kwanza. Zikipita, kurekebisha ni kazi ngumu sana.

Sasa inakuwaje mtoto adumae pembeni ya ghala lililojaa? Chukua mtoto wa miezi 9. Tumbo lake ni dogo. Ukimpa uji mwepesi wa sembe, anashiba maji. Katika umri huo anatakiwa ale mara 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na kunyonya. Tena wataalamu wanagawa vyakula vyake katika makundi 8, na anatakiwa apate angalau 5 kwa siku. Hesabu mwenyewe: maziwa ya mama ni kundi la kwanza, ugali la pili, maharage la tatu. Hapo ndipo nyumba nyingi zinaishia. Majani ya maboga yangekuwa la nne na yai la tano.

Mboga zipo na kuku wapo. Ila msimu wa palizi mama anatoka alfajiri, na mtoto anabaki na dada yake ambaye naye bado ni mtoto. Mayai yanakwenda gulioni yarudi na sabuni na chumvi. Parachichi zinapanda lori. Maji ya kisima yanaleta kuhara, na hata kile kidogo alichokula hakikai. Kwa hiyo tatizo sio mahindi. Ni muda wa mama, maji safi, na nani ndani ya nyumba anaamua kipi kiuzwe na kipi kiliwe.

Ndiyo maana nina shaka na kampeni zetu. Bumu likitoka tunachangishana, tunanunua unga na sukari, tunapeleka kituoni, tunapiga picha. Sio vibaya, lakini yule wa miezi 9 hatujamgusa. Nadhani tunaweza kufanya mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fulana mpya.

La kwanza, tujitolee kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Hufanyika kila robo mwaka: watoto wanapimwa na kina mama wanaonyeshwa mapishi. Mhudumu wa afya wa kijiji ana kaya nyingi na mikono miwili. Kuandika daftari na kushika ubao wa kupimia urefu, hata wa mwaka wa kwanza anaweza. Ule utepe wa kupima mkono nao unafundishika: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni hatari, na kati ya 11.5 na 12.5 bado apelekwe zahanati. Ila utepe unaonyesha ukondefu, sio udumavu. Mtoto anaweza kuwa kwenye kijani na bado amedumaa.

La pili linatuhusu sisi wa kiume. Nikimhubiria shangazi apike mara 4 kwa siku, nimemwongezea kazi tu. Nikichota maji na kupasua kuni, nikakaa na baba mdogo tukakubaliana mayai kadhaa yabaki nyumbani kila wiki, hapo nimesaidia. Baba mdogo atanisikiliza kuliko atakavyosoma bango.

La tatu ni pesa ya umma. Halmashauri zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Tuseme wilaya ina watoto 40,000: hiyo ni milioni 40. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 anaruhusiwa kuuliza kwenye mkutano wa kijiji kama zimetolewa na zimefanya nini. Wasomi wa sheria na uhasibu, kazi yenu hiyo.

Angalizo moja: tusikimbilie kugawa unga wa lishe wenye nafaka kumi na karanga zisizojulikana zilipotoka. Mahindi na karanga zilizoota ukungu hubeba sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kabla ya likizo ndefu, tuorodheshwe kwa wilaya tunazotoka, na aalikwe afisa lishe atufundishe kwa nusu siku. Nauli ya kwenda nyumbani tunalipa wenyewe kila mwaka. Tungekuwa tunakwenda na kazi.