Polima za kubeba mwanga: Kasi si tatizo, mtihani ni kudumu

KILA barua pepe, picha au malipo ya simu huanza safari yake yakiwa ishara ya umeme. Lakini ili ishara hiyo ivuke bahari kupitia mkongo wa mawasiliano, mfano wa ule wa SEACOM uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, ni sharti kwanza igeuzwe kuwa mwanga.

Kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo kiitwacho modyuleta. Leza humimina mwanga bila kukatika, na modyuleta huutia mwanga huo alama za ujumbe, mabilioni ya mara kwa sekunde moja.

Kwa miongo mingi modyuleta bora zimetengenezwa kwa fuwele ya lithiamu niobati. Hata hivyo, tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakimpima mshindani wake: polima, jamii moja na plastiki za kawaida, iliyochanganywa na molekuli maalumu ziitwazo kromofori.

Majaribio yamekwisha kuonyesha kwamba polima hizo zina kasi na zinaweza kutumia umeme kidogo. Swali lililozichelewesha kuenea sokoni ni jingine: je, zitabaki na nguvu zake baada ya miaka mingi ya joto na mwanga?

Ndani ya modyuleta, mwanga hupita katika njia nyembamba sana kuliko unywele, ukizuiwa kutawanyika kama maji ndani ya mfereji. Njia hiyo hugawanyika mara mbili, kisha huungana tena. Upande mmoja ukitiwa umeme, mwanga wa upande huo hubadilika mwendo.

Mawimbi ya pande mbili yakikutana yakiwa sambamba, mwanga hutoka ukiwa mkali. Kilele cha wimbi moja kikiangukia bonde la jingine, mawimbi hayo hufutana na kuacha giza. Tabia hii ya baadhi ya vitu kubadili mwendo wa mwanga kwa kadiri ya umeme vinavyotiwa ilichunguzwa na mwanafizikia Mjerumani Friedrich Pockels, aliyeieleza mwaka 1893.

Kutokana na hayo hupatikana kipimo cha kwanza. Mpimaji huongeza volti polepole huku akisoma nguvu ya mwanga unaotoka. Idadi ya volti zinazohitajika kuutoa mwanga kwenye kilele chake hadi gizani ndiyo alama ya kifaa: zikiwa chache, kifaa ni bora zaidi.

Umuhimu wake ni katika gharama. Nguvu ya umeme inayotumika hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo kifaa kinachohitaji nusu ya volti hutumia robo tu ya nguvu. Katika vituo vya kompyuta vyenye maelfu ya vifaa vya aina hiyo, tofauti hiyo si ndogo.

Polima, hata hivyo, haizaliwi na uwezo huo. Kila kromofori ina ncha chanya na ncha hasi, na mwanzoni molekuli hizo hutazama ovyo pande zote, hivyo kazi ya moja hufutwa na nyingine. Ili kuzipanga, utando wa polima hupashwa joto hadi ukaribie kulainika, hutiwa volti nyingi, kisha hupozwa kabla umeme haujaondolewa. Molekuli huganda zikitazama upande mmoja, kama askari kwenye gwaride.

Kuongeza idadi ya molekuli hakutoshi. Zikibanana mno, hushikana mbilimbili, chanya kwa hasi, na kufutana tena. Mwaka 2000 kundi la watafiti wa Marekani, akiwamo mkemia Larry Dalton, liliripoti katika jarida la Science kwamba kwa kubadili umbo la molekuli ili zisikaribiane mno, walipata modyuleta inayohitaji chini ya volti 1.

Hatua nyingine ilifuata mwaka 2007, kifaa cha polima kilipopimwa na kuonyesha mwitikio wa pikomita 170 kwa kila volti. Lithiamu niobati huonyesha takriban pikomita 30.

Lakini wataalamu wamejifunza kutoshangilia mapema. Utando uliopimwa peke yake mezani unaweza kuonyesha nguvu kubwa, kisha ukapungukiwa unapowekwa ndani ya kifaa, ambamo sehemu ya umeme wa kupangia molekuli hupotelea katika tabaka za jirani. Ndiyo sababu kipimo kinachoaminika ni kile kinachofanywa ndani ya modyuleta yenyewe.

Kuhusu kasi, jibu lilipatikana mapema. Mwaka 1997 modyuleta ya polima ilionyeshwa ikifanya kazi hadi gigahezi 110. Siri yake ni kwamba ndani ya polima mwanga na ishara ya umeme husafiri kwa mwendo unaokaribiana, hivyo huenda pamoja bila mmoja kumwacha mwenzake.

Mtihani mgumu ni wa muda. Molekuli zilizopangwa kwa nguvu hutamani kurudi katika hali yake ya ovyo, na joto huziharakisha. Oksijeni nayo, ikisaidiwa na mwanga, hushambulia kromofori na kuziharibu. Kwa sababu hiyo vifaa huwekwa katika joto la nyuzijoto 85 kwa saa 2,000, yaani karibu miezi mitatu, huku volti zake zikipimwa tena na tena. Volti zikianza kupanda, ni ishara kwamba safu zimeanza kuvurugika.

Majibu yaliyopo ni kutengeneza polima zinazolainika katika joto la juu zaidi, kuunganisha molekuli zisiweze kugeuka, na kufungia kifaa mahali pasipoingia hewa.

Wakati huohuo mshindani hajalala. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walionyesha modyuleta za lithiamu niobati nyembamba zinazotumia volti kidogo. Fuwele hiyo haihitaji kupangwa molekuli zake, na hiyo ndiyo faida ambayo polima inapaswa kuifidia. Mwendeshaji wa mkongo hanunui rekodi ya maabara. Hununua kifaa kitakachofanya kazi vilevile siku ya kwanza na mwaka wa kumi.