Mwarobaini kwenye chupa: je, ni salama?



Mwarobaini tunaufahamu sana hapa Kibwezi. Uko uani, uko kando ya barabara ya Mombasa, na wengi wetu tumekunywa majani yake yaliyochemshwa. Asili yake ni Bara Hindi, na jina lenyewe linadai kwamba unatibu maradhi arobaini. Basi tukiona dukani chupa ya dawa ya kusafishia choo au sakafu imechorwa jani la mwarobaini, tunaiamini upesi. Vikundi vya akina mama navyo vinauliza kama vinaweza kutengeneza dawa hiyo na kuuza. Tumeona tuelezane mambo machache kabla mtu hajatoa pesa yake, na kabla mtoto hajaumia.

"Ya asili" si lazima iwe salama

Mmea nao una kemikali zake. Mbegu za mwarobaini zina azadiraktini, ambayo huwafanya wadudu waache kula na washindwe kukua. Ndiyo maana inasaidia shambani. Lakini mdudu wa sukumawiki si kijidudu cha kipindupindu. Dawa kumfukuza huyu haina maana kwamba itamuua yule.

Tena mafuta ya mwarobaini ni hatari kwa watoto wadogo. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliougua vibaya baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya kienyeji. Mafuta ya mkaratusi vilevile: mtoto akimeza hata kijiko kimoja cha chai anaweza kupata degedege.

Kusafisha na kuua vijidudu

Haya ni mambo mawili. Sabuni hung'oa uchafu, na maji yanauchukua pamoja na vijidudu vingi. Dawa ya kuua vijidudu hufuata baadaye, kwa sababu ikikuta uchafu nguvu zake zinaishia hapo. Tena inataka kipimo na muda. Kwa mfano, dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, ukichanganya sehemu 1 na maji sehemu 6, unapata asilimia 0.5. Hicho ndicho kipimo cha mahali palipomwagika damu au matapishi. Futa kwanza, mwagia, acha dakika 10.

Sasa tazama ile chupa yenye jani. Je, imeandika viungo? Imesema uchanganye na maji kiasi gani, na usubiri dakika ngapi? Kama haisemi, ichukue kama sabuni ya kawaida tu, usiitegemee nyumbani kwenye mgonjwa wa kuhara. Na usijaribu kuiongezea nguvu. Klorini ikichanganywa na ndimu, siki au dawa nyingine ya choo hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu.

Alama zina maana gani?

1. Alama ya ubora ya KEBS inaonyesha kwamba bidhaa imepimwa kwa viwango vya Kenya. Alama inaweza kuigwa, kwa hivyo hakikisha: tuma SMS yenye SM# na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023. Utajibiwa bidhaa ni gani na ni ya nani.

2. Alama ya Kilimohai ilianza mwaka 2007 kwa nchi za Afrika Mashariki. Inahusu mazao yaliyolimwa bila mbolea na dawa za viwandani. Haisemi lolote kuhusu kuua vijidudu.

3. Alama za mazingira za ng'ambo, kama Malaika wa Bluu wa Ujerumani (1978) na ua la Umoja wa Ulaya (1992), hutolewa baada ya mkaguzi asiye mwuzaji kuchunguza viungo na madhara yake kwa maji na udongo.

Jani lililochorwa na mwenye kiwanda, au maneno "rafiki wa mazingira", si alama. Ni tangazo la biashara.

Kwa vikundi

Hatusemi muache. Anzeni na sabuni ya mwarobaini, msianze na dawa ya kuua vijidudu. Soda ya kostiki huunguza ngozi na macho: vaeni glavu, mimineni soda ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda, na msitumie sufuria ya alumini. Kabla ya kuuza, tafuteni kibali cha KEBS. Mkitaka kuandika kwamba inaua mbu au mende, hapo mnahitaji pia usajili wa bodi ya dawa za kuua wadudu, PCPB. Andikeni viungo vyote. Gharama ipo, lakini mteja akiwashwa na ngozi au mtoto akiumia, kikundi kizima kitapoteza jina.

Nyumbani

Tusihamishie dawa yoyote kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua chupa ya soda ina soda, hajui kusoma kilichobandikwa. Akimeza, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali haraka pamoja na ile chupa.

Kama una chupa nyumbani ambayo huielewi, ije nayo kwenye mkutano wa kikundi. Tutaisoma pamoja.